Shaba 64: isotopu inayoweza kusafiri usiku kucha

Kama ulisoma kemia sekondari, unaikumbuka ile namba ya shaba: 63.5. Tuliitumia kwenye hesabu za moli bila kuuliza maswali. Sasa jiulize: ni atomi ipi ya shaba yenye uzito wa 63.5? Hakuna hata moja! Chukua waya wowote wa umeme, shaba yake iwe imechimbwa Katanga au Chile, utakuta aina mbili tu. Katika kila atomi 100, kama 69 ni shaba 63 na zilizobaki ni shaba 65. Hiyo 63.5 ni wastani wao, basi.

Zote zina protoni 29, ndiyo maana ni shaba. Moja ina nyutroni 34, nyingine 36, na zote ni tulivu, hazitoi mionzi. Je, ile ya katikati, yenye nyutroni 35, iko wapi?

Haidumu. Kiini cha atomi hutulia zaidi protoni zikikaa mbili mbili, na nyutroni vilevile. Shaba 64 ina 29 na 35, witiri kwa witiri, yaani kila upande kuna mmoja asiye na mwenzake. Kuna njia mbili za kutoka hapo, na ajabu ni kwamba inazitumia zote. Atomi kama 6 kati ya 10 hugeuza protoni moja kuwa nyutroni, zikawa nikeli 64 (28 na 36). Zilizobaki hugeuza nyutroni kuwa protoni, zikawa zinki 64 (30 na 34). Shufwa kwa shufwa, kote kote.

Katika atomi 100 za shaba 64, kama 18 hivi zikielekea kwenye nikeli hutoa positroni, yaani elektroni yenye chaji chanya. Positroni haifiki mbali. Ikikutana na elektroni, zote mbili hutoweka na kuacha miali miwili ya gama inayokimbilia pande zilizo kinyume. Kamera ya PET hunasa miali hiyo kwa pamoja, kompyuta inachora mstari kati yake, na mistari ikiwa mingi unaona uvimbe umejificha wapi. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha dawa ya namna hii, Detectnet, kwa kutafuta uvimbe unaoanzia kwenye seli zinazohusika na homoni, mfano kwenye kongosho na utumbo.

Lakini mbona PET zilikuwepo kabla ya hapo? Zilikuwepo, ila kwa mgonjwa aliye mbali na mitambo, tatizo ni saa. Tuseme dozi imetoka kiwandani saa 12 jioni, na mgonjwa yuko mji mwingine, anapigwa picha kesho yake saa 12 na dakika 42 asubuhi. Huo ndio muda wa nusu-maisha wa shaba 64: saa 12.7. Nusu ya dozi bado ipo. Florini 18, ambayo nusu-maisha yake ni dakika 110, ingebaki chini ya asilimia 1. Galiamu 68, inayotumika kwa uvimbe uleule, ina nusu-maisha ya dakika 68. Yenyewe ingebaki chini ya sehemu moja kati ya 2,000. Kwa hiyo galiamu lazima itengenezwe hospitalini penyewe au jirani kabisa.

Ugumu wa shaba 64 uko kwenye kuitengeneza. Kwa kawaida nikeli 64 hupigwa kwa protoni ndani ya saiklotroni, na nikeli hiyo ni chini ya asilimia 1 ya nikeli ya kawaida, hivyo kuichuja ni gharama kubwa. Halafu shaba haiingizwi mwilini peke yake. Hufungiwa ndani ya molekuli kama kizimba, maana ikichoropoka, ini huichukua kama linavyochukua shaba tunayokula kila siku.

Kizimba hichohicho kinaweza kubeba shaba 67, yenye nusu-maisha ya saa 62 hivi. Hii haitoi positroni, inatoa miali ya beta inayoua seli za saratani. Kikemia ni shaba ileile, kwa hiyo ukishaona shaba 64 imekusanyika wapi, unajua shaba 67 nayo itakwenda wapi. Matibabu hayo bado yako kwenye majaribio.