Faini ya Kodi: Tulipe au Tupinge?

Kila mwaka, kabla ya tarehe 30 Juni kupita, raia wa Kenya mwenye namba ya kodi hana budi kuwasilisha hesabu ya pato lake la mwaka uliotangulia, hata kama hakupata senti moja. Achelewaye hutozwa shilingi 2,000, au sehemu tano katika mia ya kodi anayodaiwa, ile iliyo kubwa zaidi. Kwa kijana asiye na kazi, fedha hizo ni unga wa siku nyingi. Je, alipe anyamaze, au apinge?

Sisi twasema, itazamwe kwanza sababu. Aliyesahau tu, na alipe upesi, tena apeleke na hesabu yenyewe, maana kulipa faini hakumwondolei wajibu ule. Msamaha wa riba na faini uliofunguliwa Septemba 2023, na baadaye ukarudiwa, ulifungwa tarehe 30 Juni 2025. Asiketi kuungoja mwingine.

Lakini yule aliyepeleka kwa wakati, naye stakabadhi anayo mkononi, kwa nini alipie kosa asilolitenda? Sheria ya mwaka 2015 yampa siku 30 kuandika pingamizi kwa Kamishna, wala halazimiki kumwajiri wakili. Na aandike. Akikataliwa, hapo ndipo penye uzito: kanuni za mwaka 2015 ziliweka ada ya shilingi 20,000, isiyorudishwa, kwa kufungua rufani mbele ya Baraza la Rufani za Kodi. Mnyonge atoe elfu ishirini kutetea elfu mbili! Twaiona ada hiyo kuwa komeo mlangoni mwa haki, nalo Bunge lapaswa kuwaondolea wenye madai madogo.