Kipimo Ambacho Rubani Hana

Chumba cha marubani cha Boeing 787 kimejaa namba. Ipo kasi ya feni, lipo joto la gesi zinazotoka kwenye turbaini, yapo mafuta yanayoungua kwa saa, upo mgandamizo wa oili na mtikisiko wa injini. Namba ya kumwambia rubani kwamba injini inaisukuma ndege kwa nguvu kiasi gani haipo. Wasanifu hawakuisahau. Msukumo, ambao ndio sababu ya injini kuwepo, haupimwi moja kwa moja injini ikiwa chini ya bawa. Hukadiriwa kutokana na vitu vingine, na makadirio hayo yakipotoka watu hufa.

Pahali pa kuupima ni kwenye kituo cha majaribio. Injini hutundikwa kwenye fremu nzito ya chuma, nayo fremu hushikiliwa na mabapa membamba yanayoiruhusu isogee mbele kidogo mno. Mbele yake hukaa vihisi vya nguvu, yaani vipande vya chuma vilivyobandikwa nyaya laini ambazo hubadili namna zinavyopitisha umeme kila chuma kinapobanwa. Injini ikisukuma, chuma hubanwa, umeme hubadilika, na jibu husomwa kwa nyutoni au kwa pauni. Ni mizani, ila imelazwa ubavu. Novemba 2017, huko Peebles katika jimbo la Ohio, Marekani, injini ya GE9X ya General Electric ilifikisha pauni 134,300, karibu kilonyutoni 597. Nguvu hiyo inatosha kuning'iniza mzigo wa tani 60.

Hata jibu la mizani haliaminiwi hivihivi. Injini ikipimwa ndani ya jengo, hewa inayozunguka humo huipunguzia msukumo kidogo, kwa hiyo jengo lenyewe lazima lilinganishwe na vipimo vya uwanja wa wazi. Kisha kila jibu hurekebishwa liwe kama limepatikana siku ya kawaida ya kitaalamu: nyuzi 15 za Selsiasi, usawa wa bahari, mgandamizo wa hektopaskali 1013.25. Pasipo marekebisho hayo, injini iliyopimwa alfajiri ya baridi ingeonekana bora kuliko ileile iliyopimwa saa saba mchana.

Sababu ni hewa. Injini huivuta na kuitupa nyuma kwa kasi kubwa kuliko iliyoingia nayo. Chukua kilo za hewa zinazopita kwa sekunde moja, zidisha kwa kasi iliyoongezwa, na huo ndio msukumo, ukiacha sehemu ndogo inayotokana na tofauti ya mgandamizo kwenye mdomo wa nyuma. Kila kinachopunguza kilo hizo hupunguza msukumo. Joto hutanua hewa, mwinuko huifanya nyepesi, na unyevu hugusa kidogo tu. Mwendo wa ndege nao una makali yake, maana hewa inayoingia tayari ina kasi na nafasi ya kuiongezea inapungua. Kwenye mita 11,000, hewa ina takriban asilimia 30 ya uzito wake wa usawa wa bahari, na injini kubwa iliyong'oa ndege ardhini hubaki na kiasi kama moja ya tano ya msukumo wake wa mwanzo.

Rubani basi hutazama nini? General Electric hutumia kasi ya feni, kwa asilimia. Kwenye injini za leo feni kubwa ya mbele ndiyo hutoa zaidi ya robo tatu ya msukumo, hivyo mizunguko yake ni shahidi mzuri. Pratt & Whitney na Rolls-Royce kwa miaka mingi wametumia uwiano wa mgandamizo: ule wa gesi zinazotoka nyuma, ugawe kwa ule wa hewa inayoingia mbele. Kinadharia uwiano huo huukaribia msukumo zaidi, lakini unategemea vijitundu vya vihisi, na kijitundu huziba.

Tarehe 13 Januari 1982, Boeing 737 ya Air Florida ilikuwa ikiondoka Washington huku theluji ikianguka. Marubani hawakuwa wamewasha joto la kuyeyusha barafu kwenye injini. Barafu ikaziba kihisi cha mbele, mgandamizo wa kuingilia ukasomeka chini ya uhalisia, na namba ndogo ikiwa kigawanyo jibu hukua. Saa za uwiano zilionyesha 2.04, namba waliyoikusudia. Wachunguzi walikuta kwamba uwiano wa kweli ulikuwa karibu 1.70, yaani kama robo tatu tu ya msukumo waliodhani wanao. Rubani msaidizi aliona mambo hayaendi sawa na akasema hivyo wakati ndege ikikimbia. Saa za kasi ya mizunguko, joto na mafuta zilikuwa mbele yao, zote zikiwa chini kuliko kawaida. Ndege iliyobeba theluji mabawani ilipaa kwa takriban nusu dakika, ikagonga daraja la 14th Street na kutumbukia mto Potomac. Walikufa watu 78, wanne kati yao wakiwa kwenye magari darajani.

Kinachoniuma katika ripoti ya wachunguzi hao ni kwamba msukumo ulikuwepo. Nyenzo za injini zilikuwa na nafasi ya kusukumwa mbele zaidi, na injini zenyewe hazikuwa mbovu. Siku hizi kompyuta ya injini zinazotumia uwiano wa mgandamizo hugundua uwiano usioaminika na kurudi kwenye kasi ya feni, na marubani hufundishwa kulinganisha saa moja na nyingine.

Kasi ya feni nayo ina masharti. Asilimia ileile haitoi msukumo uleule Mombasa na Nairobi. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Siku ya nyuzi 25, hewa yake ni nyepesi kwa takriban moja ya tano kuliko ile ya siku ya kawaida ya kitaalamu. Mabawa pia huidai hewa hiyohiyo, kwa hiyo ndege lazima ikimbie kwa kasi zaidi kabla ya kupaa, huku injini zikisukuma kwa nguvu ndogo. Ndiyo maana njia ya kurukia pale ina urefu wa zaidi ya kilomita 4, na ndiyo maana ubaridi wa usiku ni rafiki wa ndege nzito zinazokwenda mbali. Addis Ababa, iliyo juu ya mita 2,300, hali ni ngumu zaidi. Ndege za Ethiopian Airlines za kwenda Washington zimewahi kutua Dublin njiani kujaza mafuta, ilhali za kurudi zilikuja moja kwa moja. Upepo una sehemu yake, lakini mwinuko ndio unaokata tani za mafuta kabla ndege haijaondoka.

Joto lina kizingiti. Injini nyingi huahidi msukumo wao kamili hadi kama nyuzi 30 kwenye usawa wa bahari; kupita hapo kompyuta huupunguza ili mapanga ya turbaini yasiungue. Marubani huutumia ukweli huo kwa makusudi. Njia ikiwa ndefu na ndege nyepesi, huiandikia kompyuta joto la uongo, tuseme nyuzi 50, nayo injini hutoa msukumo mdogo unaotosha. Abiria anayehisi ndege imeondoka kivivu asihofu: hesabu imefanywa, na turbaini imeongezewa maisha.

Kwa sababu kompyuta hulenga kasi ya feni au uwiano uliopangwa, injini iliyochoka hutoa msukumo karibu uleule wa injini mpya. Inalipa kwa joto na mafuta. Vumbi likishika mapanga ya kompresa na ncha zake zikilika, gesi za nyuma hupanda joto, na nafasi iliyobaki hadi kikomo hupungua safari baada ya safari. Kuiosha injini kwa maji, ikizungushwa bila kuwashwa, hurudisha sehemu ya nafasi hiyo. Wahandisi hulinganisha injini ya kushoto na ya kulia, na moja ikianza kupanda joto peke yake huingiza kamera nyembamba ndani yake, wakati rubani bado hajaona upungufu wowote wa nguvu.