KUSITIRI MANENO SI KUCHOMA JALADA

Mkulima wa Same aombaye kumbukumbu za shauri la ardhi huenda akapewa karatasi yenye mistari myeusi iliyofunika baadhi ya maneno. Wengi wakiiona mistari hiyo hudhani wamedhulumiwa. Pengine ni kweli. Lakini si kila mara.

Kusitiri maneno maana yake ni kufunika, katika nakala, yale maneno tu ambayo yakitangazwa yatamdhuru mtu asiye na hatia: jina la mtoa habari, ugonjwa wa fulani, namba ya kitambulisho. Yaliyosalia hupewa mwombaji. Jalada lenyewe haliguswi kabisa. Karani hupaka wino katika nakala, kisha nakala hiyo huitolea nakala nyingine, maana karatasi ya kwanza ikiinuliwa juani maneno husomeka. Kompyuta nayo ina hila zake. Huko Marekani, Januari 2019, mawakili wa Paul Manafort waliwasilisha mahakamani waraka wenye mistari myeusi, kumbe maneno yalikuwa yangali chini yake, na waandishi wa magazeti wakayanakili bila taabu.

Ndugu wasomaji, Wapare wanayo sababu ya kulitafakari jambo hili. Mwaka 1945 maelfu yao walishuka milimani wakakusanyika Same, penye boma la Bwana Shauri, kuipinga kodi ya mbiru iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao wakasimama. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mzaliwa wa nchi hiyo hiyo ya Upare, alitoa kitabu juu ya mapambano hayo mwaka 1971. Kazi ya namna hiyo yataka mambo mawili: wazee wanaokumbuka na mafaili yaliyosalimika.

Je, mafaili yote yalisalimika? Mwaka 1961 Iain Macleod, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, aliagiza kwamba serikali mpya zisikabidhiwe karatasi ziwezazo kuiaibisha Serikali ya Malkia, wala zile ziwezazo kuwafichua watoa habari wa polisi. Tazama jinsi agizo lilivyofunga katika furushi moja mambo yasiyolingana! Mtoa habari aweza kuuawa; serikali iliyoaibika haifi. Na kwa ajili ya hayo mawili halikufunikwa neno moja moja, bali majalada mazima yalichomwa moto au kupelekwa Uingereza. Yalifichwa hata mwaka 2011, wazee wa Kenya walioteswa wakati wa Mau Mau walipokuwa mahakamani London, ndipo ikakiriwa kwamba majalada yapata 8,800 ya makoloni 37 yalikuwa Hanslope Park. Ya Tanganyika yalikuwamo. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa paundi milioni 19.9 kwa wazee zaidi ya 5,000.

Mstari mweusi hukiri kwamba hapa pana neno, na mwananchi aweza kuuliza sababu. Majivu hayaulizwi.

Basi karani wa leo akiombwa daftari la malipo, na alisitiri jina la mgonjwa aliyesaidiwa. Kiasi kilicholipwa na jina la ofisa aliyetia sahihi aviache wazi, na pembeni mwa kila mstari aandike sababu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 hukinga faragha ya mtu na usalama wa taifa, lakini pia humpa mwombaji aliyenyimwa nafasi ya kudai uamuzi uangaliwe upya. Asiridhike na jibu la mdomo dirishani, adai barua.