Reale ya Mzinga Isiyokuwa na Mzinga

Wako watu ulimwenguni wenye kukusanya sarafu za vidola visivyotambuliwa, hasa zenye mambo ya vita. Mfano wa vidola hivyo ni Sealand. Roy Bates, meja mstaafu wa Uingereza, alijitangazia dola mwaka 1967 juu ya ngome ya Vita Kuu ya Pili iliyojengwa baharini, na mwaka 1972 dola hiyo ikaanza kutoa sarafu zake. Fedha za namna hii hutengenezwa ili zinunuliwe, si ili zinunue kitu.

Somaliland, iliyojitenga mwaka 1991, si mchezo wa namna hiyo; ina watu, bandari na serikali. Lakini mwaka 2002 ilitoa sarafu ya shilingi 5 yenye sura ya Kapteni Richard Burton, yule aliyefika Unguja na kuingia bara mwaka 1857. Ajabu ni kwamba huko huko Berbera, mwaka 1855, Burton alichomwa mkuki ukapenya shavu hata shavu!

Kwa maoni yangu, mwenye kupenda fedha za vita na atazame upande wa Banissa, katika Mandera, karibu na mpaka wa Ethiopia. Ng'ambo ya mpaka huo ilitembea kwa zaidi ya karne moja reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Haina upanga wala bunduki, ila sura ya mama mnene na mwaka 1780, hata ikiwa imepigwa jana. Hata hivyo Waingereza waliagiza reale hizo Vienna mwaka 1867 kwa ajili ya vita vya Jenerali Napier na Mfalme Tewodros. Mwaka 1935 Wataliani nao wakazipiga Roma, wakaivamia Ethiopia. Na mwaka 1940 na 1941 Waingereza wakazipiga Bombay, ili wawatoe Wataliani hao hao. Jeshi lisilokuwa na reale halikupata nyumbu wala nafaka.

Wazee wetu wa pwani waliijua vema. Waliiita reale ya Shamu. Ile ya Kihispania, yenye nguzo mbili, waliiita reale ya mzinga, na Waarabu wakasema abu midfaa. Nguzo zile si mizinga hata kidogo, lakini watu waliokwisha kuiona mizinga ya Wareno wangedhani nini?

Mkusanyaji Mwislamu ana hesabu nyingine pia. Reale ya Maria Theresa ina uzito wa gramu 28, na fedha safi ndani yake ni gramu 23 na kitu. Nisabu ya fedha ni gramu 595. Basi aliyeweka sandukuni reale 26, mwaka ukapita, zaka imemfikia, hata kama yeye aziita kumbukumbu tu. Zilizogeuzwa mapambo ya mkewe zina maneno yake katika madhehebu ya Shafii. Hayo amwulize shehe wake.