Je, Wajua? Tupu Hailingani na Tupu

Katika Cypher, lugha ya kuulizia hifadhidata ya grafu ya Neo4j, thamani tupu (NULL) hailingani na kitu chochote, hata na tupu nyenzake. Jibu la ulinganisho huo si kweli wala si uongo. Ni tupu vilevile.

• Chukua grafu ya barabara za Kajiado, Kenya: miji ya Kitengela, Isinya na Kiserian ni nodi, barabara ni viungo. Kiungo cha Isinya–Kiserian kisipoandikiwa upana, anayetafuta barabara zinazozidi mita 7 hakipati. Anayetafuta zisizozidi mita 7 hakipati pia. Sharti la IS NULL ndilo hukiibua.

• Neo4j haihifadhi tupu. Sifa, kama upana, ikipewa thamani tupu, inafutwa.

• Amri ya MATCH huuacha nje mji usio na kiungo kinachotafutwa. OPTIONAL MATCH huubakiza na kuweka tupu penye pengo.

• Wastani huruka tupu. Upana ukiwa mita 6, mita 8 na tupu, wastani ni mita 7. Kitendakazi cha coalesce kikijaza 0 mahali pa tupu, wastani hushuka hadi takribani mita 4.7.