Ekzosi Pana na Ghururi ya Ngurumo

Mtu atokaye Mchafukoge kwa miguu, akaviacha nyuma viwanja vya Mnazi Mmoja na kushika njia ya Gerezani, hana haja ya kuuliza karakana ziliko, kwa kuwa mlio wa grenda na cheche za wachomeleaji humwongoza. Huko vijana wenye Subaru, na siku hizi hata wenye Toyota IST, hukatiwa ekzosi ya kiwandani na kuungiwa bomba pana, kwa itikadi kwamba moshi ukitoka bila kizuizi gari huzidi nguvu.

Itikadi hiyo haikukosa asili. Pistoni ipandapo kusukuma moshi nje hutumia sehemu ya kazi ya injini yenyewe, na kila kona iliyobonyea na kila sailensa iliyoziba huongeza gharama hiyo. Ndiyo maana mafundi wa zamani hulijaza bomba mchanga mkavu kabla ya kulikunja kwa moto, lisipoteze uduara wake. Lakini moshi hautoki mfululizo kama maji ya mfereji. Hutoka kwa mapigo, na kila pigo lipitalo kwa kasi huacha nyuma yake upungufu wa shinikizo ambao, katika lahadha ile valvu za kuingiza na za kutoa zinapokuwa wazi pamoja, huyavuta mabaki ya moshi silindani na kuikaribisha hewa mpya. Ukilipanua bomba kutoka inchi moja na nusu hadi inchi mbili, eneo la njia huzidi kwa zaidi ya robo tatu, na kasi ya moshi uleule hushuka ikakaribia nusu; hivyo gari la sentimita za ujazo 1,300 aghalabu huwa zito kuondoka kwenye taa, ijapokuwa linanguruma kama la mashindano. Wenye injini za taabo wana udhuru, maana taabo hupenda njia pana mbele yake. Waliobaki, nathubutu kusema, hununua sauti wakidhani wamenunua mbio, na wakazi wa ghorofa za Mchafukoge huilipia usiku kwa usingizi wao.

Kisha kuna masega yaliyomo ndani ya ekzosi. Kauri hiyo yenye vitundu, iliyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, huigeuza hewa ya sumu itokayo injini kuwa kaboni dayoksaidi, naitrojeni na mvuke wa maji. Marekani iliyaeneza katika magari ya mwaka 1975, na kwetu Afrika kusini mwa Sahara petroli yenye risasi, ambayo huyaua, ilikoma mwanzoni mwa 2006. Madini yake ni ya thamani, na wanunuzi hawakosekani, hata nashuku kwamba ushauri wa kuyang'oa hautokani daima na huruma kwa injini. Ni kweli kwamba gari lenye masega yaliyoziba hupata nafuu yakitolewa, na nafuu hiyo ndiyo iliyoeneza sifa ya kuyang'oa. Ila kilichoyaziba, aghalabu oili inayoungua au plagi isiyochoma sawasawa, hubaki palepale.

Fundi mwenye subira hakati kwanza. Huifungua sensa ya oksijeni iliyo kabla ya masega, akatia geji ya shinikizo mahali pake, na injini ikizungushwa hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, geji ikasoma chini ya psi 3, basi bomba halina hatia, na ugonjwa utafutwe kwenye chujio la hewa, plagi au pampu ya petroli.