Fahamu: Kwa nini jozi mbili za samaki klauni hazielewani katika tangi moja

Mfugaji huligundua jambo hili anapoongeza jozi ya pili. Baada ya muda mfupi mapezi yamechanika, na samaki mmoja amejibanza pembeni, hali chakula.

Baharini samaki klauni huishi ndani ya anemoni, kiumbe ambaye minyiri yake yenye sumu huwafukuza maadui. Hapo ndipo wanapojificha, na kando yake ndipo wanapotaga. Asiye na anemoni huliwa upesi, ndiyo maana wanaipigania kwa nguvu zote, hata tangini ambako hakuna wa kuwala.

Mkuu wa kundi linaloishi kwenye anemoni moja ni jike, mkubwa kuliko wote. Akifa, dume wake hugeuka kuwa jike, na mdogo anayefuata huchukua nafasi ya dume. Mabadiliko hayo hayarudi nyuma. Kwa hiyo majike wawili wakiwekwa pamoja, hakuna anayeweza kushuka cheo, na ugomvi wao unaweza kuishia kwa kifo.

Hasira kubwa zaidi huwaendea wa aina moja. Utafiti wa taasisi ya OIST, Okinawa, Japani, uliochapishwa mwaka 2024, ulionyesha kuwa samaki klauni wachanga wa aina ya Amphiprion ocellaris huwashambulia zaidi samaki wenye mistari mitatu myeupe kama wao.

Kwenye mwamba wa baharini, aliyeshindwa huogelea mbali. Tangini anagonga kioo. Kupanga upya mawe ya tangi hutuliza ugomvi kwa muda tu. Tangi la nyumbani liwe na jozi moja. Ukiona jozi ya pili inafukuzwa, usisubiri wazoeane: watenganishe siku hiyohiyo.